Kanisa Lilipohamia Lami

Jumapili saa tatu asubuhi susu anafunga kitambaa chake cheupe cha kichwa, anafunga vifungo vya sweta mpaka shingoni hata kama jua limeshaanza kuchoma, anachukua Biblia yake ya Kikamba isiyo na jalada, kisha anaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe na kuwasha redio. Hiyo ndiyo ibada yake. Wimbo ukipigwa, anaimba. Mhubiri akisema tuinamishe vichwa, anainamisha. Wakati wa sadaka ukifika, mhubiri anasoma nambari ya kutumia pesa kwa simu, na susu anaangalia kuku.

Susu ni nyanya yangu. Si mgonjwa, na hajaacha imani. Kwa zaidi ya miaka arobaini alienda kanisa moja, la mabati, upande wa pili wa mto wa mchanga, dakika kumi kwa mwendo wake. Alilifagia, akalibebea maji, akazika mumewe na watoto wawili kutoka hapo. Halafu lami ikafika Ikutha, na kanisa likainuka likafuata lami. Jengo jipya ni la mawe. Liko kando ya barabara kuu, kilomita saba kutoka mwembe wa susu.

Boda kwenda ni shilingi 150, kurudi 150. Piga hesabu. Jumapili nne ni shilingi 1,200. Susu analipwa pesa za wazee za serikali, Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, zikija kwa wakati. Kwa hiyo ili aende kumwabudu Mungu aliyemwabudu miaka yote bure, anatakiwa kutoa zaidi ya nusu ya pesa zake kwa kijana wa pikipiki, na hapo sadaka bado. Hata fungu la kumi halijawahi kuwa na ukatili huo.

Nimeandika haya kwa hasira, nisijifanye. Lakini hasira si uongo.

Barabara yenyewe sina ugomvi nayo. Ukitoka Kibwezi, ukavuka Mto Athi, ukapita Ikutha na Mutomo mpaka Kitui mjini, unateleza. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kumeza vumbi na kuomba, na mvua ikinyesha ulikuwa unalala njiani. Leo mama mwenye uchungu anafika hospitali. Maembe yanafika sokoni kabla ya kuoza. Mimi mwenyewe nikitoka Nairobi napanda treni ya SGR ile inayosimama kila kituo, nashuka Kibwezi, naingia kwenye Probox tukiwa tumebanwa kama ndizi, na jioni niko nyumbani. Anayesema tungebaki na vumbi letu hajawahi kulala Mutomo ndani ya matatu iliyokwama.

Ninachoongelea ni kilichotokea kwa vichwa vyetu baada ya lami. Kila kitu kilitaka kuonekana kutoka barabarani. Maduka yaligeuza mlango, sawa, hiyo ni biashara. Makanisa nayo yakaanza kununua ploti za mbele, moja baada ya jingine, kama vituo vya mafuta. La kwetu (dhehebu silitaji, halafu ukweli ni kwamba ukiwa na lako utalitambua) lilipopata ploti, kitu cha kwanza kujengwa hakikuwa choo wala tangi la maji. Ilikuwa paking. Ilisawazishwa kwa trekta, ikamwagwa kokoto, ikawekewa mawe yaliyopakwa chokaa, na kibao kimoja chenye maandishi mekundu: PAKING YA PASTA. Wakati huo pasta alikuwa hana gari.

Kibao kilikuja kabla ya gari. Hiyo ndiyo imani, wangesema.

Na gari likaja, bila shaka, kupitia harambee. Nilikuwepo. Mgeni wa heshima alikuwa mwanasiasa aliyefika na magari sita, injini tano zikabaki zinanguruma nje muda wote wa maombi ya kufungua. Lengo lilikuwa kumnunulia pasta Prado ya mtumba. Mhubiri mgeni alisimama akasema kanisa lenye pasta anayepanda boda ni kanisa lililomwaibisha Mungu. Watu wakasema amina. Kina mama waliotembea tangu saa kumi na mbili, viatu mkononi ili visiishe soli, walisema amina. Mmoja alitoa mbuzi.

Sasa niseme jambo langu, ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine. Miaka miwili kabla ya hapo, kanisa hilohilo lilinifanyia harambee ya karo ya chuo. Ilipata shilingi 31,000 na jogoo. Niliwashukuru na bado nawashukuru, zilinisukuma muhula mmoja. Mwaka wa pili nikaacha chuo, nikaanza kuandikia watu makala mtandaoni kwa malipo ya neno kwa neno. Harambee ya Prado ilipita milioni moja kwa siku moja. Kwa hiyo ndiyo, nina kisirani changu. Umepewa, kiweke kwenye mizani. Lakini ukishakiweka, bado utabakiwa na susu chini ya mwembe, na yeye hakuomba karo.

Hoja yangu ni hii. Katika makanisa yetu gari limeacha kuwa chombo cha kusafiria, limekuwa ushuhuda. Ukiuliza mtu Mungu amemtendea nini, anaanza na gari. Tunawekea magari mikono, tunayapaka mafuta, tunatangaza kutoka madhabahuni kwamba mwaka huu ni mwaka wa funguo. Kijana mwenye Vitz ya mkopo anapewa kiti cha mbele, mzee aliyetembea saa mbili anaambiwa na shemasi asogee nyuma kidogo. Wewe unayesoma haya ukiwa Kasarani au Rongai usicheke washamba. Ni ninyi mnaopanda teksi ya aplikesheni kwenda ibada kilomita tatu kwa sababu kuingia kwa miguu kwenye geti la kanisa lile la Thika Road, katikati ya magari yanayoelekezwa na vijana wenye vizibao vya kung'aa, kunakufanya ujihisi umekuja kuomba msaada. Askari wa geti hakuulizi kitu ukiwa ndani ya gari. Ukiwa na miguu anakuuliza unaenda wapi. Kanisani!

Na Biblia tunayoishika haiko upande wetu hapa. Kwanza neno lenyewe. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walipokutana na yale ya kukokotwa na farasi waliandika "magari", basi. Kwa hiyo Mswahili anayesoma Zaburi ya 20 anakutana na watu wanaotegemea magari, waziwazi, bila kuhitaji mhubiri amfafanulie. Torati nayo inamkataza mfalme kujilimbikizia farasi. Naamani, jemadari wa Shamu, alikwenda kwa nabii Elisha na msafara mzima, farasi na magari, akasimama mlangoni. Akisubiri apokelewe kama mheshimiwa. Elisha hakutoka hata nje. Alimtuma mtu amwambie aende akaoge mtoni Yordani mara saba. Naamani akakasirika vibaya, na ukimsoma unamjua, umeshamwona kwenye mazishi akiangalia saa. Nani mchungaji wa Ikutha leo anayeweza kubaki ndani msafara ukiwa mlangoni? Wetu angekuwa amekimbia nje na kipaza sauti mkononi.

Ninayoipenda zaidi ni ile ya Filipo, Matendo ya Mitume sura ya 8. Barabara ya jangwani kwenda Gaza, mheshimiwa wa Kushi, mweka hazina wa malkia, ameketi ndani ya gari lake anamsoma Isaya na haelewi. Filipo anakimbia kando ya gari kwa miguu. Mwenye gari ndiye aliyekwama, na wa miguu ndiye mwenye msaada. Anapewa lifti, wanaongea, wanakuta maji, mtu anabatizwa, gari linaendelea na Filipo ananyakuliwa na Roho. Hakuna mahali ambapo Filipo anafanyiwa harambee ya kupata la kwake. Anaendelea mji hadi mji akihubiri.

Tukiwa hapo, kuna punda. Kila Jumapili ya Matawi tunaimba habari za punda kwa sauti kubwa, halafu mtu akifika kanisani na punda wa kweli anaambiwa amfunge mbali, ananuka. Kwetu punda ndiye gari. Ndiye anayebeba madebe manne ya maji kutoka mtoni, ndiye anayevuta mkokoteni wa mahindi. Kuanzia 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa nchini kwa leseni ya serikali, moja jirani tu Machakos, ngozi zikienda China kutengenezewa dawa, na punda wakaanza kuibwa usiku vijijini. Serikali ilipiga marufuku 2020, mahakama ikaitengua 2021, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusimamisha biashara hiyo ya ngozi barani kote. Mama aliyeibiwa punda aligeuka yeye mwenyewe kuwa punda, alibeba maji mgongoni. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kusikia mahubiri hata moja juu ya punda. Maombi ya ulinzi wa magari kwa damu, kila wiki.

Najua unachotaka kusema. Ati nani huyu wa Nairobi anakuja kuwaambia maskini wasiwe na gari? Ikutha haina tatizo la magari mengi, ina tatizo la magari machache. Waache wapate kwanza, ndipo uwahubirie kupunguza.

Ingekuwa hoja nzuri kama wanaopata na wanaolipia wangekuwa ni watu walewale. Angalia nani yuko barabarani Ikutha saa kumi na mbili asubuhi. Ni watoto wa shule, ni kina mama wa maji, ni wazee wanaokwenda kliniki. Wote kwa miguu, wote kwenye ule ukingo mwembamba wa lami, na lori la mchanga linawapita kwa kasi mpaka sketi zinapepea. Kwa hesabu ya NTSA, zaidi ya watu 4,700 walikufa barabarani Kenya mwaka 2024, na kundi kubwa kuliko yote ni watembea kwa miguu. Watu wasio na gari ndio wanaouawa na gari. Nairobi ni vilevile: Expressway ya kilomita 27 ilifunguliwa 2022, na chini yake watu wa Mlolongo na Mukuru wanaendelea kuvuka mbio kama swala. Nchi nzima inajengewa wachache walio ndani ya chuma, na kanisa, ambalo lingepaswa kusimama kando ya barabara na wengi, limekwenda kupanga foleni ya kuingia ndani ya chuma.

Tena kutegemea gari si lazima uwe nalo. Susu hajawahi kumiliki hata baiskeli, lakini maisha yake sasa yanategemea injini kuliko ya mtu wa Karen, maana zahanati imefuata lami, chifu amefuata lami, soko limefuata lami, na sasa Mungu naye. Wa Karen akikosa gari ataita jingine. Susu akikosa 150 anabaki na redio.

Wala sitaki kukuuzia utamu wa kutembea. Kuna watu wanaandika juu ya miguu kama vile ni yoga. Babu zetu Wakamba walitembea kutoka Kitui hadi Mombasa na pembe za ndovu mabegani, na haikuwa mandhari, ilikuwa mzigo. Krapf, yule mmisionari wa Rabai, alifika Kitui kwa Kivoi mwaka 1849 kwa miguu. Aliporudi 1851, Kivoi akauawa njiani na Krapf akakimbia peke yake porini, akijaza maji kwenye mtutu wa bunduki ili asife kwa kiu. Miaka arobaini baadaye Walutheri wa Kijerumani walifungua misheni hapahapa Ikutha, nao walifika kwa miguu kutoka pwani. Tunapenda kusema injili ilikuja kwa miguu. Ilikuja kwa miguu, ndiyo, na masanduku yake yakabebwa na vichwa vya watu ambao hakuna aliyeandika majina yao. Kwa hiyo simwambii susu atembee kilomita saba ili apate baraka. Ninasema kilomita saba hizo hazikuwepo. Tumezitengeneza sisi, kwenye kikao, kwa kura ya kunyoosha mikono.

Hapa naona Waislamu wametuzidi akili, na nilionyeshwa na mzee mmoja mwenye duka Kibwezi ninakosubiri Probox. Nilimweleza habari ya susu. Akaniuliza, "Sasa kijana, kama mnaswali mara moja kwa wiki, mtajuaje kuwa ni mbali?" Kisha akanieleza: anayeitwa mara tano kwa siku hawezi kujengewa msikiti kilomita saba. Sala yenyewe inalazimisha mtaa. Akanisimulia hadithi ya Banu Salima, watu wa Madina waliokuwa wakikaa mbali wakataka kuhamia karibu na msikiti wa Mtume, wakaambiwa wakae palepale kwao, nyayo zao zinaandikwa. Nikamwambia hiyo si inanipinga mimi, inasifu umbali? Akacheka. Alisema hiyo ni habari ya mtu kutohama kwake, haikusema msikiti ndio uhame umkimbie mtu. Nimeifikiria sana ndani ya Probox.

Wakatoliki nao wana la kutufundisha, ingawa mimi si wao. Papa Fransisko alipokuwa na miezi michache tu kitini, Julai 2013, aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba inamuuma kuona padre au mtawa na gari la toleo jipya, wachague la kawaida, wawafikirie watoto wanaokufa njaa. Alipokuja Nairobi Novemba 2015, wakati viongozi wetu wamejipanga na vioo vyeusi, yeye alitoka ndani ya Honda ndogo ya kijivu. Tulicheka tukapiga picha. Mwaka uleule, ndani ya waraka wa Laudato Si', alikuwa ametaja waziwazi magari yanayojaza miji yakibeba mtu mmoja au wawili. Picha tulizisambaza, waraka tukauacha.

Lakini kuna waliousikia. Novemba 2024, rais alikwenda kanisa la Soweto hapo Nairobi, akatoa mamilioni na kuahidi basi la parokia. Ilikuwa miezi michache tu baada ya Juni ile, unaikumbuka, tulipoingia mjini kwa miguu kwa sababu matatu zilikuwa hazipiti, mpaka Mswada wa Fedha ukaondolewa. Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza pesa zirudishwe, na basi likakataliwa. Basi! Kitu ambacho kila kwaya nchini inakiota. Mtaani watu waligawanyika, kuna walioona ni kiburi cha maaskofu wenye magari yao tayari, na siwezi kusema walikosea kabisa. Lakini mimi nilimtazama susu na kibao cha PAKING YA PASTA, nikafikiri: kumbe inawezekana. Kumbe mdomo wa kanisa unaweza kusema hapana kwa magurudumu.

Ningependa kanisa letu la Kitui hasa lijue cha kuomba badala yake. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na waumini kutoka Mwingi kwenda harusi huko Nuu lilisombwa na Mto Enziu uliofurika. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengine familia nzima. Sisemi neno juu ya waliokuwa ndani, walikuwa wanakwenda kuimba. Nasema kwamba kata zetu zimejaa mito ya mchanga isiyo na kivuko, na kila uchaguzi wanasiasa wanapita makanisani wakiahidi mabasi ya kwaya, nasi tunapiga vigelegele. Daraja la miguu halina vigelegele. Haliwekewi mikono. Lakini mvua za Novemba zikinyesha, mto ule mdogo kati ya susu na kanisa la zamani ulikuwa unafunga ibada kwa wiki tatu, na miaka arobaini hakuna harambee iliyowahi kufanywa kwa ajili yake.

Nilimpigia pasta simu kabla ya kuandika. Ni haki yake, na pia nilitaka kumkasirikia ana kwa ana. Hakunipa nafasi. Aliniambia ana makanisa manane ya matawi chini yake, kwamba kabla ya gari alikuwa anazika mtu Jumamosi asubuhi, anafungisha ndoa mchana kilomita thelathini kutoka hapo, na mwaka mmoja boda ilimwangusha usiku akavunjika mfupa wa bega na akahubiri miezi miwili mkono ukiwa kwenye kitambaa. "Wewe ulitaka nini, mwanangu? Nife ndipo muone nimenyenyekea?" Kisha akaniambia kitu sikukijua: Prado hiyo imepeleka wagonjwa kumi na mmoja Kitui, yeye mwenyewe akiwa dereva, wawili wakijifungulia kiti cha nyuma.

Nilinyamaza. Nimeandika aya hii mara nne na bado sijui kuiandika vizuri, kwa sababu mtu huyu si mbaya, na ingekuwa rahisi zaidi angekuwa mbaya. Nilimuuliza kitu kimoja tu: je, kwa matawi hayo manane, lililokufa ni la nani? Akanyamaza yeye. Lililokufa lilikuwa la susu. Lilifungwa kwa sababu lina waumini ishirini na sita tu, wengi wakongwe, na pasta akihesabu mafuta ya kwenda na kurudi anaona sadaka yao haijazi hata robo tangi. Kabla ya gari alikuwa anakwenda pale mara moja kwa mwezi, kwa miguu na lifti, na Jumapili nyingine wazee waliongoza wenyewe. Gari lilipofika, kanisa dogo likawa ghali. Soma tena hiyo sentensi kama mimi nilivyoisikia. Gari lilinunuliwa ili amfikie susu, na baada ya kununuliwa susu akawa hafikiki.

Basi, ninachotaka si kingi na hakihitaji mfadhili. Kanisa la mabati bado limesimama, mbuzi ndio wanaolala ndani, na mbuzi hutoka kwa fimbo. Lifunguliwe. Jumapili tatu za mwezi wazee waongoze wenyewe kama zamani, ya nne pasta aje, na akija na Prado aje imejaa, asiache kiti hata kimoja kitupu kutoka sokoni mpaka pale. Funguo za gari zikae kwa mashemasi, na daftari la safari lisomwe mbele ya watu kama linavyosomwa daftari la sadaka, wagonjwa kwanza. Kibao cha paking king'olewe, pale pawe kivuli na mabenchi ya waliotembea, na maji. Mwanasiasa akija, msafara ubaki shule ya msingi, atembee mita mia nne na sisi, na kama ana ahadi aitoe njiani, ambako ataona mwenyewe mahali watoto wanapotembea. Na harambee ijayo iwe ya kivuko cha mto. Nitatoa wa kwanza, ingawa malipo yangu kwa neno ukiyajua utalia.

Nimeyaandika haya kwa ufupi kwenye barua, ukurasa mmoja, kwa Kikamba na Kiswahili. Kikao cha wazee ni Jumamosi ya pili ya mwezi huu. Mpaka jana ilikuwa na sahihi kumi na nne kati ya ishirini na sita. Wawili wamekataa, mmoja akisema nimepotoka tangu nilipoacha chuo, na mwingine, mzee wa miaka sabini na kitu, kwa sababu mwanawe ndiye mwenye boda anayebeba waumini Jumapili, na hilo nalo sikuwa nimelifikiria. Wengine bado nawazungukia. Susu hakuisoma, alitaka asomewe. Nilipomaliza alirudia sehemu ya mbuzi, akauliza ni za nani, akatajiwa, akasikitika kidogo kwa kinywa. Kisha akachovya dole gumba kwenye wino, akalibandika chini ya jina lake, na kuniuliza kama kikao kitakuwa kabla ya mvua.